Klabu ya mwendo kasi, grupu ya matatu ya kukodi, ama nyinyi wenyewe: utaenda haiking na nani ukiwa Nakuru?

Tangu mwaka uanze nimeulizwa hili swali na watu kama watano, majirani wangu hapa Kiamunyi, mwenzangu wa kazini, na juzi binamu yangu wa Kisumu. Swali ni moja tu. Kuna klabu inatoka kila Jumamosi alfajiri, wanaenda mbio kweli, wanashea magari na kuchanga mafuta, sasa nijiunge na hao, ama nitafute grupu ya polepole yenye inakodi matatu, ama nichukue marafiki wangu wawili tujipange wenyewe? Mimi nimetembea na zote tatu kwa miaka kadhaa na kila moja imenipa kitu, kwa hivyo hapa siwezi kukwambia hii ndiyo bora kuliko zote, ntakupea vile naona kila moja na wewe upime na maisha yako.

Watu wengi wakichagua wanaangalia mlima kwanza. Picha za Longonot, picha za Elephant Hill, ukungu huko Kipipiri. Mimi siku hizi naanza na kitu kingine kabisa, naanza na vile nitarudi nyumbani. Juu mlima unapanda na miguu yako, lakini nyumbani unarudi na gari ya mtu mwingine, na hapo ndipo shida nyingi zinatokea, si kule juu. Kwa hivyo mambo yenye ntalinganisha ni haya: mwendo, gari na safari ya kurudi, pesa, usalama ukiwa mlimani, na watu wenyewe. La gari ntalikalia sana, utaona kwa nini.

Na tuelewane majina. Nikisema klabu namaanisha wale wa mwendo kasi, magari matatu ama manne ya wanachama, kila gari watu wanne ama watano. Nikisema grupu ni wale wa kanisa, wa ofisi, wa estate, ama mtu mmoja anapanga safari na kukodi matatu ya watu 14, mwendo ni wa wote. Na wenyewe ni nyinyi wawili au watatu mnapanda matatu ya kawaida pale stejini, mnamaliza na boda.

Mwendo

Neno "haraka" halina maana mpaka mtu akupe masaa. Uliza klabu hivi: Longonot nyinyi huzunguka yote kwa masaa mangapi? Longonot ni kipimo kizuri juu karibu kila mtu wa huku ameenda. Kutoka geti mpaka ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, kuzunguka ukingo ni 7.2, kisha unashuka ile 3.1 tena, jumla kama 13 na nusu, na kilele ni mita 2,776. Kuna kanuni ya zamani ya Mskochi mmoja, William Naismith, aliiweka 1892, inasema hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Longonot unapanda zaidi kidogo ya mita 600, kwa hivyo inakuja karibu masaa matatu na dakika 45 bila kupumzika. Sasa klabu ikikwambia wao hutumia masaa matatu, ujue wanaenda haraka kuliko hiyo kanuni, na huko Longonot kuna vumbi laini na mitaro ya kuteleza. Wakisema manne ni mwendo mzuri wa mtu mwenye mazoezi. Grupu nyingi zenye nimeenda nazo ni tano mpaka sita, na sioni aibu yoyote hapo.

Kuna kitu hakuna mtu aliniambia kuhusu klabu za mbio nikaja kukielewa kwa miguu yangu. Wale wa mbele wanafika kwa njia panda, wanakaa, wanakunywa maji, wanakungoja dakika tano. Ukifika tu, wanasimama wanaenda. Wao wamepumzika, wewe hujapumzika hata kidogo, na wewe ndiye ulikuwa umechoka zaidi. Ukirudia hiyo mara sita kwa siku moja unafika kilele ukiwa umekwisha, na bado kuna kushuka, na kushuka ndiko kunaumiza magoti. Klabu nzuri inajua hii, inamwacha mtu wa mwisho apumzike naye dakika zake kabla ya kutoka. Uliza kama wanafanya hivyo, ukipata jibu la moja kwa moja basi ni watu wenye wamefikiria.

Lakini faida iko na ni kubwa. Mimi nilianza nikizunguka Longonot kwa masaa matano na nusu, baada ya miezi minane ya klabu nikawa natumia manne, na hiyo singeipata peke yangu, juu mtu akiwa mbele yako hatua kumi unajikuta unazitafuta hizo hatua bila kujua.

Grupu mwendo ni wa yule wa polepole kabisa. Kama una nguvu utasimama sana, misuli inapoa, jasho linakauka mgongoni unaanza kusikia baridi, na siku inakuwa ndefu. Kama ndiyo unaanza, ama umetoka kujifungua, ama umekaa ofisini miaka kumi, huo mwendo ndio utakufanya upende mlima badala ya kuuchukia. Mkiwa wenyewe mwendo ni wenu kabisa, mnasimama kupiga picha mnavyotaka, tatizo tu ni kwamba hakuna wa kuangalia saa. Wekeni saa ya kugeuka kabla hamjatoka, tuseme saa saba mchana, mkifika ama msifike kilele mnageuka, juu huku giza linaingia karibu saa moja na halingoji mtu.

Gari na kurudi nyumbani

Hapa nataka uniskize vizuri. Ukishea gari, mwendo wako mlimani na usafiri wako wa nyumbani vimefungwa pamoja. Ukichelewa saa moja, kuna watu wanne wanakungoja na mmoja wao ana mtoto nyumbani. Ukitaka kurudi mapema, huwezi, gari ni ya mtu mwenye bado yuko juu.

Kuna siku tulienda upande wa Aberdare na klabu fulani, mwezi wa kumi na moja, mvua ikatupata kwa mianzi. Mimi nilikuwa nimetoka homa wiki hiyo nikaona siwezi, nikamwambia kiongozi narudi, akasema sawa shuka pole pole na renja moja. Nikashuka vizuri kabisa. Nikafika kwa gari saa sita mchana, nimelowa mpaka mifupa, na gari imefungwa. Nguo zangu kavu ziko ndani, chakula kiko ndani, na funguo iko kwa mfuko wa dereva mita elfu moja juu yangu. Nilikaa kwa kibanda cha mama mmoja anauza chai pale chini, akanipa shuka nijifunike, mpaka saa kumi. Sikuwa na hasira na mtu, hakuna mwenye alinikosea kwa kukusudia, lakini kutetemeka kwa masaa manne kulinifunza kuuliza swali moja kila safari kabla sijalipa: nikirudi nusu njia, funguo itakuwa wapi? Klabu zenye zimejipanga zinaacha funguo moja na renja pale geti, ama kuna dereva hapandi. Na tangu siku hiyo nguo kavu na mkate ziko kwa bag yangu mgongoni, haziachwi kwa gari.

Cha pili ni dereva mwenyewe. Dereva wa klabu ameamka saa tisa usiku, amepanda mlima masaa sita, na sasa anawaendesha kurudi Nakuru jioni kwa ile barabara kuu, malori yanapanda Gilgil pole pole, watu wana haraka ya kuovateki, na nyinyi wote nyuma mmelala fofofo. Mimi naogopa hiyo saa moja na nusu kuliko kilele chochote. Ukikaa kiti cha mbele kazi yako ni kuongea na dereva, usilale, na kama kuna mtu wa pili mwenye leseni wabadilishane Naivasha. Klabu yenye inasimama kula ugali na kupumzika hata dakika 40 kabla ya kuanza safari, hiyo naiheshimu sana. Mbona haraka ya mlimani iendelee mpaka barabarani?

Grupu hapa inashinda kwa upande mmoja, dereva wa matatu hakupanda mlima, alilala kwa gari mchana wote, na gari iko wazi, mtu akichoka anarudi anakaa ndani. Lakini matatu inabeba kila mtu, kwa hivyo inatoka wakati mtu wa mwisho amefika, na nimeshafika nyumbani saa nne usiku kwa sababu ya watu wawili walibaki nyuma. Kisha kuna ile ya kungojana asubuhi, mmesema saa kumi na moja mnatoka saa moja kasorobo, hilo sijui dawa yake.

Wenyewe mnategemea steji. Longonot inawezekana vizuri, mnachukua ya Naivasha, hapo mnachukua zinazoenda Mai Mahiu kwa barabara ya chini, mnashuka Longonot senta, boda mpaka geti. Menengai, ile kreta ya hapa Nakuru, ndiyo rahisi zaidi, boda kutoka tauni na mmefika. Lakini mahali kama Njabini kwa Elephant Hill kufika asubuhi na mapema kwa matatu kutoka Nakuru ni kazi, lazima mlale huko karibu usiku wa kuamkia. Uzuri wake ni kwamba hakuna mtu anakungoja na hungoji mtu, ukichoka saa nne asubuhi unageuka unaenda nyumbani.

Pesa

Klabu huwa bei nafuu ukiangalia mafuta pekee. Tuseme Nakuru mpaka Longonot na kurudi ni kama kilomita 180, gari inaenda kilomita 12 kwa lita, hizo ni lita 15. Weka lita kwa shilingi 180, inakuja 2,700, mkiwa wanne pamoja na mwenye gari ni 675 kila mtu. Bei ya mafuta hubadilika kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, wale wa serikali wanapanga bei ya mafuta, wakitangaza, kwa hivyo hesabu upya. Hapo swali ni kama mwenye gari anahesabiwa ama hahesabiwi. Klabu zingine mwenye gari halipi, na mimi naona ni haki, tairi ni zake, sevisi ni yake na matope ni yake, lakini liseme wazi mapema ndio watu wasinung'unike wakirudi.

Na usilipe zaidi ya kuchangia gharama. Bima ya gari ya kibinafsi kwa kawaida haifuniki gari ikibeba watu kwa malipo, hiyo ni kazi ya gari ya abiria yenye bima yake. Kuchanga mafuta kati ya marafiki ni kitu kimoja, mtu kutoza nauli kila Jumamosi apate faida ni kitu kingine, na ajali ikitokea ndio mtajua tofauti. Mwenye gari aulize kampuni yake ya bima, ni simu moja tu.

Grupu unalipa kifurushi: gari, kiingilio, renja, saa zingine chakula. Inaonekana ghali lakini umelipa mara moja, ingawa ukikosa siku hiyo mara nyingi pesa hairudi, kwa hivyo uliza kabla hujatuma M-Pesa. Wenyewe nauli ni kidogo lakini renja ama mwongozaji mnagawana watu wawili badala ya kumi na wanne, hapo ndipo hesabu inawageukia. Kiingilio cha mbuga za KWS, shirika la wanyamapori, kinalipwa kwa eCitizen, hakuna keshi pale geti, na bei zimebadilika kwa hivyo angalia mwenyewe usitegemee ile ya mwaka jana.

Usalama

Klabu ina watu wenye uzoefu, hiyo haina ubishi. Wanajua njia, wana tochi za kichwa, wana mtu ameshika dawa. Lakini mbio inatawanya watu, na mtu kutawanyika kwa ukungu ndiyo hatari yenyewe. Kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa nyuma kabisa, wengine humwita swipa, mwenye hapiti mtu yeyote hata iweje. Klabu bila swipa mimi siendi, hata gari ikiwa ya bure.

Mambo ya urefu pia. Kuanzia mita kama 2,500 kuna watu wanaanza kuumwa kichwa na kusikia kutapika, na kupanda mbio kunaongeza. Sisi wa Nakuru tunaishi karibu mita 1,850 tumezoea kidogo, mtu wa Kisumu anatoka kando ya ziwa mita 1,100 na kitu, mwili wake utasikia zaidi, na hiyo si uvivu. Dawa ni kushuka. Kama kwa klabu yenu mtu anaona aibu kusema kichwa kinamuuma, hiyo klabu ina shida.

Grupu wako pamoja kwa hivyo mtu hapotei hivi hivi, lakini uzoefu wa kiongozi unatofautiana sana, na wingi wa watu unaweza kuwapa ujasiri wa uongo. Kwa mbuga ya Hell's Gate huko Naivasha, mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kundi la kanisa ndani ya korongo la huko, na Septemba 2019 yakatokea tena yakaua watu, mwongozaji wao akiwa mmoja wao. Mvua inaweza kunyesha mbali juu huko na wewe uko kwa jua, maji yanakuja tu. Hao walikuwa watu walitoka nyumbani asubuhi kama mimi na wewe. Kwa hivyo grupu yoyote ikikwambia "tutaangalia tukifika" kuhusu mvua, uliza tena.

Wenyewe mkiwa wawili mmoja akiteguka mguu, aliyebaki anamwacha ama anakaa? Ndiyo maana nasema watatu ni bora kuliko wawili. Menengai msishuke ndani bila mwenyeji, kule chini ni mawe ya lava na vichaka, njia zinapotea, na kupanda tena ukuta wa karibu mita 500 kwa jua la saa nane ni kitu kingine kabisa. Kwa misitu yenye ndovu na nyati chukueni renja, hapo hakuna mjadala. Acheni mtu nyumbani anajua mmeenda wapi na mtarudi saa ngapi, na wekeni namba ya Red Cross, 1199, kwa simu.

Watu

Hii ntaipita haraka juu inategemea bahati. Urafiki wa klabu unajengwa kwa gari kuliko mlimani, mkiwa watano masaa matatu kwenda na kurudi mtaongea mpaka mjuane, na ndiyo maana ni vizuri kuuliza unapangwa gari gani. Dada zangu kadhaa wameniambia wao huomba gari yenye kuna mwanamke mwingine safari ya kwanza, na klabu yenye inaelewa hilo bila maswali mengi ni dalili nzuri. Grupu kuna nyimbo, kuna sufuria ya pilau, kuna kina mama na watoto, na mtu mpya hapati upweke. Wenyewe mnapata kimya, na kuna wakati mtu anahitaji kimya.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unaanza kabisa na hujawahi kutembea masaa manne mfululizo, nenda na grupu mara tatu nne, kisha ujipime. Kupima ni rahisi, panda Menengai kutoka tauni kwa miguu mkiwa watatu, ukiweza kupanda huku unaongea sentensi nzima bila kukata, na kesho yake unashuka ngazi bila kushika ukuta, uko tayari kujaribu klabu kwa mlima mfupi.

Kama una mwili wa mazoezi na unasikia kuchoshwa na kungojana, na unajiandaa kwa kitu kikubwa kama Lesatima ama Mt. Kenya, klabu ndiyo itakufikisha. Safari ya kwanza uliza vitu vitatu tu: masaa ya Longonot, swipa ni nani, funguo itaachwa wapi. Lipa safari moja kwanza, usilipe mwaka.

Kama una gari na unaombwa ubebe watu, wewe jiulize kama unaweza kupanda na bado uendeshe salama. Mimi kuna mwezi nilikuwa nalala vibaya nikawaambia nitabeba lakini sipandi, nikakaa geti na kitabu, na hakuna aliyenidharau.

Kama una mtoto mdogo, ama mgonjwa nyumbani, ama zamu ya jioni Jumamosi, klabu na grupu zote zitakubana kwa sababu saa ya kurudi si yako. Nendeni wenyewe mahali pa karibu, Menengai kwa ukingo juu, saa sita mchana umeshafika nyumbani.

Kama uko Kisumu ama upande huo, usianze kwa kuamka saa saba usiku kufuata klabu ya Nakuru, hiyo barabara ya kupita Mau Summit na ukungu wake alfajiri ni nzito kuliko mlima wenyewe. Kuna Kakamega Forest na kile kilima cha Lirhanda, kuna miteremko ya Nandi hapo juu yenu, na mkishakomaa kuna Mt. Elgon, Koitobos mita 4,222. Binamu yangu nilimwambia hivyo hivyo. Amepata wenzake watatu wa kazini, Jumamosi hii wanaenda Lirhanda, na mmoja wao ana gari lakini wamekubaliana funguo itabaki na renja.